Kisonono, Kichocho na "Mkojo Unaniuma": Historia ya Majina ya Maradhi Kando ya Ziwa Viktoria

Istilahi za tiba hutofautiana na istilahi za fani nyingine kwa jambo moja kubwa: mtumiaji wake wa kwanza si mtaalamu, bali ni mgonjwa. Fundi wa redio hahitaji mteja wake ajue jina la kila kifaa kilichomo ndani ya redio. Mganga, kwa upande wake, hawezi kuanza kazi yake mpaka mgonjwa awe ametamka neno. Neno hilo likiwa na maana mbili, au likiwa limebeba aibu ndani yake, kosa huanza mlangoni, kabla ya kipimo chochote kufanyika. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuchunguza historia ya majina machache yanayohusu maumivu ya njia ya mkojo, na mahali tulipopachagua ni Mwanza na nchi inayolizunguka Ziwa Viktoria kwa upande wa kusini, ambako majina hayo yamepitia majaribu mengi na ambako utafiti wa maradhi hayo una historia ndefu.

Sentensi moja, maradhi mengi

Tuanze na kata ya Mabatini, katika Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza. Jina hili halina fumbo: limejengwa kutokana na neno bati, likapewa kiambishi cha wingi na kiambishi tamati cha mahali, likawa na maana ya "mahali penye mabati". Ni jina lililotolewa kwa kutazama kile kinachoonekana kwa nje. Anayelisikia hujulishwa juu ya paa, wala hajulishwi juu ya watu waliomo chini ya paa hilo. Majina mengi ya maradhi katika lugha yetu yalizaliwa kwa njia iyo hiyo, yaani kwa kutaja kile kilichoonekana au kilichohisiwa.

Sasa tuchukue mfano wa watu wanne wakazi wa Mabatini wanaofika zahanati siku moja. Wa kwanza ni kijana aliyeanza kutokwa usaha siku chache baada ya kukutana na mwanamke. Wa pili ni mtoto wa shule aliyelelewa Kwimba, akioga na kuchezea maji ya malambo na majaruba ya mpunga. Wa tatu ni mama wa nyumbani ambaye tangu jana anakwenda haja ndogo kila mara, na kila mara hutoka mkojo kidogo tu. Wa nne ni mzee ambaye mkojo wake hukatikakatika na kumwamsha usiku. Wote wanne wanaweza kusema sentensi moja: "Mkojo unaniuma." Kijana huenda ana kisonono au klamidia. Mtoto huenda ana kichocho. Mama huenda ameingiliwa na vijidudu vya kawaida vya utumboni vilivyopanda hadi kwenye kibofu, jambo linalowapata wanawake zaidi kwa kuwa mrija wao wa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi tu, hali wa mwanamume hufikia kadiri ya sentimita 20. Mzee huenda tezi dume yake imekua na kuubana mrija. Orodha haiishii hapo: yapo mawe ya figo na kibofu, yapo makovu yaliyoachwa na kisonono cha zamani, yapo majeraha, na ipo sabuni kali au dawa ya kuoshea inayochubua ngozi laini.

Dalili ni moja, visababishi ni vingi. Neno linalotaja dalili halipaswi kuchukuliwa kuwa limekwisha kutaja ugonjwa. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini historia inaonyesha kwamba limewashinda hata mabingwa.

Kisonono na uchungu wake

Neno kisonono lina ukoo na vitenzi sonona na sononeka, ambavyo maana yake ni kuuma, kutia uchungu, na kuumia hasa moyoni. Kiambishi ki- kimelitia katika kundi kubwa la majina ya maradhi na maudhi ya mwili, kama vile kifaduro, kipindupindu, kifafa, kikohozi na kiungulia. Kwa hiyo tangu kuundwa kwake neno hili linasema: huu ni ugonjwa wa uchungu.

Lugha nyingine zilifuata njia nyingine. Wayunani wa kale waliupa ugonjwa huu jina lenye maana ya kumwagika kwa mbegu, kwa kuwa waliudhania usaha kuwa ni mbegu za uzazi, na jina hilo lililojengwa juu ya kosa ndilo linalotumika mpaka leo katika lugha nyingi za Ulaya. Waarabu waliuita sayalani, yaani mtiririko. Wafaransa wa mitaani waliuita mkojo wa moto. Hivyo kila lugha ilichagua dalili moja na kuifanya kuwa jina la ugonjwa wote.

Kosa lililo kubwa zaidi lilikuwa la kuyachanganya maradhi mawili. Daktari John Hunter wa London, kutokana na jaribio alilolifanya mwaka 1767 na kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1786, alishikilia kwamba kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Sifa yake ilikuwa kubwa, na kosa lake likadumu miaka mingi. Mwaka 1838 Philippe Ricord wa Paris aliyatenganisha kwa ushahidi wa wagonjwa wengi, na mwaka 1879 Albert Neisser akakiona kijidudu chenyewe cha kisonono kwa hadubini. Kiswahili kilikuwa na majina mawili yaliyoachana kabisa, kisonono na kaswende, na msemaji wake hakulazimika kuungojea ushahidi wa Ricord ili ajue kwamba anazungumzia mambo mawili.

Hata hivyo, jina letu nalo lina upungufu wake. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini katika Mkoa wa Mwanza miongoni mwa wanaume. Wengi wa wale waliokutwa na kisonono au klamidia hawakuwa na malalamiko yoyote. Kwa upande wa wanawake, imejulikana kwa muda mrefu kwamba wengi huwa na kisonono pasipo kuhisi kitu. Basi hapa pana ugonjwa ambao jina lake linadai uchungu, na wagonjwa wake wengi hawana uchungu. Mwananchi anayejua maana ya sonona anayo haki ya kusema, "Siumwi, basi sina kisonono." Hitimisho lake ni sahihi kwa upande wa lugha, na ni la hatari kwa upande wa tiba. Hatupendekezi jina libadilishwe, kwa maana limekwisha kukita mizizi. Tunasema kwamba mwalimu na mfasiri wasiliache jina lijieleze lenyewe.

Kichocho: jina moja, minyoo wawili

Kichocho kina historia tofauti. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz, akiwa Cairo, aligundua minyoo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Mwaka 1915 Robert Leiper, akifanya kazi Misri, alithibitisha kwamba minyoo hawa hupitia kwa konokono wa majini, na kwamba wapo wa aina mbili: wale ambao mayai yao hutoka kwa mkojo, na wale ambao mayai yao hutoka kwa choo kikubwa. Wa kwanza hudhuru kibofu na njia ya mkojo. Wa pili hudhuru utumbo na ini.

Nchi ya Mwanza inao wote wawili, lakini haikuwachanganya. Konokono wanaokaa kandokando ya ziwa lenyewe na visiwani hubeba hasa kichocho cha tumbo. Kichocho cha mkojo kinakaa zaidi bara, kwenye malambo, vidimbwi vya msimu na mashamba ya mpunga ya Misungwi, Kwimba na kwingineko, kwa kuwa konokono wake huweza kuvumilia maji yanayokauka kiangazi. Kwa hiyo mvuvi wa kisiwani na mkulima wa mpunga wanaweza wote kuambiwa, "Una kichocho," kisha mmoja akawa anakojoa damu kwa maumivu, na mwingine hana shida ya mkojo kabisa.

Utafiti wa maradhi haya ulitia nanga Mwanza mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kulianzishwa huko shughuli za uchunguzi wa maradhi kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, ambazo baadaye zilikuwa taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 D. M. Forsyth na D. J. Bradley walichapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani taarifa juu ya madhara ya kichocho kaskazini-magharibi ya Tanzania, wakionyesha kwa picha za eksirei kwamba ugonjwa ambao wazee wengi waliuona kama jambo la kawaida la utoto ulikuwa ukiharibu kibofu na mirija ya figo za watoto wa shule. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda kwa sheria ya mwaka 1979 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nayo kazi ya Mwanza ikaendelea chini yake.

Katikati ya historia hiyo pana tukio linalotuhusu sisi wa lugha. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio, vitabu na vikundi vya kujisomea, ikawafikia kadiri ya watu milioni mbili. Kichocho kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyofundishwa. Mambo yote yalielezwa kwa Kiswahili cha kawaida: konokono, maji, mkojo, choo. Vikundi havikuhitaji istilahi ya Kilatini ili vielewe kwamba kukojoa ndani ya lambo ni kumpa mnyoo njia ya kurudi kwa mtoto wa jirani. Huo ni ushahidi kwamba istilahi hufanya kazi pale inapoandamana na maelezo ya kisababishi.

Jaribio la Mwanza na thamani ya dalili

Mpaka hapa huenda msomaji akadhani kwamba tunaidharau dalili. Sivyo. Historia ya Mwanza yenyewe inatufundisha kuiheshimu.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika katika Mkoa wa Mwanza utafiti ambao sasa unajulikana duniani kote. Jumuiya 12 za vijijini zilipangwa katika jozi 6, na katika kila jozi jumuiya moja iliimarishiwa kwanza huduma za kutibu magonjwa ya ngono katika vituo vyake vya afya. Kwa kuwa zahanati za vijijini hazikuwa na maabara za kutosha, watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata kundi la dalili: mwanamume akija na usaha pamoja na maumivu ya mkojo, alipewa papo hapo dawa za visababishi vikuu vya hali hiyo, bila kungoja jina la kijidudu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI katika jumuiya zilizopata huduma hiyo yalipungua kwa kadiri ya asilimia 40. Majaribio ya namna nyingine yaliyofanywa Rakai, Uganda, ambako watu wote walipewa dawa kwa vipindi, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1999, hayakupata upungufu huo. Kwa hiyo wataalamu waliendelea kujadiliana. Lakini utaratibu wa kutibu kwa kundi la dalili ulienea katika nchi nyingi.

Tazameni sasa jambo la lugha lililomo humo. Utaratibu mzima ulitegemea mazungumzo kati ya mtumishi na mgonjwa. Mtumishi alipaswa kuuliza kwa maneno ambayo mzee wa Kisukuma au mama wa Kikerewe, akizungumza Kiswahili, angeyajibu pasipo kuvunjiwa heshima. "Shikamoo mzee. Ukienda haja ndogo, unasikia maumivu yoyote?" ni swali linalojibika. Zaidi ya hayo, maneno ya maumivu yana mipaka yake. Mgonjwa akisema "panachoma" anataja maumivu kama ya moto au ya kitu chenye ncha. Akisema "panawasha" anataja hamu ya kujikuna, ingawa kitenzi kicho hicho hutumika kwa kuwasha moto. Mfasiri wa fomu ya maswali akiyachanganya maneno haya mawili, majibu yote ya fomu hiyo yamepotoka.

Aibu iliyomo ndani ya jina

Yapo majina yanayotoa hukumu. Zamani watu walitaja tego, dawa ya uganga iliyosadikiwa kwamba mume huweza kumtegea mkewe ili mgoni apatwe na maradhi. Kwa fikra hiyo ugonjwa ni mtego, na aliyenaswa ni mwizi. Istilahi "magonjwa ya zinaa" nayo haiko mbali na fikra hiyo, kwa maana zinaa ni dhambi kabla ya kuwa njia ya maambukizi. Mke aliyeambukizwa na mume wake ndani ya ndoa halali hakuzini. Lakini jina la ugonjwa wake linamshitaki. Kwa sababu hiyo wengi siku hizi hupendelea "magonjwa ya ngono" au "magonjwa yaambukizwayo kwa kujamiiana", na sisi twaona upendeleo huo una haki.

Madhara ya hukumu hii ni makubwa zaidi pale ugonjwa wenyewe usipokuwa wa ngono. Mayai ya mnyoo wa kichocho cha mkojo yaweza kukwama katika kuta za uke na mlango wa kizazi, yakaleta maumivu, uchafu na damu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha picha ili kuwasaidia waganga kuitambua hali hiyo, kwa kuwa mara nyingi ilidhaniwa kuwa ugonjwa wa ngono. Mfikirini msichana wa kijiji cha mpunga ambaye hajamjua mwanamume, anaandikiwa kwenye cheti chake neno la zinaa kwa sababu ya maji aliyoyachota lambo. Neno "kichocho cha viungo vya uzazi" linaweza kumrudishia heshima yake nyumbani, na pia kumpatia dawa inayomfaa, yaani prazikwanteli, mahali pa dawa isiyomsaidia chochote.

Kwa upande mwingine, watu wamejitafutia wenyewe jina lisilo na aibu. Katika miaka ya karibuni limeenea mijini neno "yutiai", lililotokana na kutamka herufi tatu za kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya maambukizi ya njia ya mkojo. Neno hili ni safi, halimshitaki mtu, na ndiyo maana hutumika kufunika kila kitu. Mwenye kisonono husema ana yutiai. Mwenye kichocho huambiwa ana yutiai. Mwenye tezi dume hununua dukani dawa ya yutiai. Hasara yake ni mbili. Kwanza, ugonjwa wa kweli unabaki mwilini. Pili, dawa za kuua vijidudu zinatumiwa ovyo, na vijidudu vinazizoea. Kisonono kilichokuwa kikitibiwa kwa penisilini kimekwisha kuishinda dawa hiyo. Aina za vijidudu vyake vinavyoivunja penisilini ziliripotiwa tangu mwaka 1976, na dawa nyingine kadhaa zimefuata njia hiyo.

Mirija miwili na jina moja

Lipo tatizo moja la mwisho, nalo ni la wafasiri hasa. Mkojo hupita katika mirija ya namna mbili: ile miwili inayoutoa katika figo kuupeleka kwenye kibofu, na ule mmoja unaoutoa katika kibofu kuupeleka nje. Katika maandishi mengi yote huitwa "mrija wa mkojo". Tena "njia ya mkojo" mara hutumika kwa mrija wa nje peke yake, na mara kwa mfumo mzima kuanzia figo. Maumivu ya mrija wa juu huwa ya kiunoni na ubavuni. Maumivu ya mrija wa nje huhisiwa wakati wa kukojoa. Kuyaita yote kwa jina moja ni kumpoteza msomaji.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii, twapenda kuwawekea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mambo manne wayafikirie.

Kwanza, dalili ipewe jina lake yenyewe, "maumivu ya kukojoa", na jina hilo lisitumiwe kamwe kama jina la ugonjwa.

Pili, kichocho kitajwe daima pamoja na aina yake: kichocho cha mkojo, kichocho cha tumbo, na kichocho cha viungo vya uzazi pale mayai ya kile cha mkojo yanapodhuru viungo hivyo.

Tatu, "mrija wa figo" utumike kwa mrija unaotoka kwenye figo, "mrija wa mkojo" kwa ule unaotoka kwenye kibofu, na "njia ya mkojo" kwa mfumo wote. Kwa hiyo "maambukizi ya njia ya mkojo" yabaki kuwa tafsiri ya yutiai, na mfasiri aeleze kwamba kisonono na kichocho ni mambo mengine yanayohitaji vipimo na dawa nyingine.

Nne, katika fomu na mabango ya serikali, "magonjwa ya ngono" yachukue nafasi ya "magonjwa ya zinaa". Viongozi wa dini wataendelea kufundisha juu ya zinaa mahali pake. Cheti cha hospitali si mahali pake.

Mapendekezo haya hayahitaji maneno mapya hata moja. Maneno yote yako tayari vinywani mwa watu wa Mabatini, Misungwi na Ukerewe. Kinachohitajika ni kuyagawia kazi kwa haki, ili wale wanne waliofika zahanati kwa sentensi moja warudi nyumbani kila mmoja na dawa yake.